Mafuta Yalishuka, Moyo Haukupanda

Shabani mwanangu,

Watu wa zamani wakiandika barua walianza kwa kuulizana hali, wakamaliza ukurasa mzima hawajafika kwenye jambo lenyewe. Mimi hali yako naijua. Mchana umekula wali wako na nusu ya wangu, umevaa shati jipya, umekwenda Chamazi kumuaga shangazi yako, na kwa foleni ya huko hutarudi kabla ya isha. Mama yako yuko kwa jirani anasimamia nguo zako zipigwe pasi. Nyumba imetulia, nami nimekaa barazani na kalamu.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Nikisema maneno mengi kwa mkupuo pumzi inakatika, na ikikatika tu wewe unaacha kunisikiliza, unaanza kuangalia kifua changu. Nimekuona. Macho yako yanashuka kutoka usoni mpaka kwenye shingo ya kanzu, yanakaa hapo. Kuanzia hapo hata nikikuambia nyumba inaungua utasema, "Baba, pumzika kwanza." Kwenye karatasi naweza kupumzika kila baada ya sentensi na wewe usijue.

Habari za pasipoti, vyeti, sweta la kwenye ndege na yule kijana atakayekupokea Maskati, mama yako ameshakwambia mpaka umezichoka, mimi sizirudii. Mimi nina neno moja. Juzi nilikuwa nimekaa chini ya dirisha la jiko nikakusikia. Ulisema, "Mama, mie naona nisiende tu. Mzee akiondoka mie niko huko, nani ataingia kaburini? Mtoto wa kiume mie peke yangu."  Nilisikia kisu kinaendelea kukata mchicha. Nami sikuingia, kwa sababu ningeingia ningefoka, na siku hizi nikifoka nalala kutwa.

Basi jibu lako ni hili. Nataka uende. Kesho upande gari, ufike uwanja wa ndege, uingie ndani, usigeuke. Lakini nikiishia hapo utasema mzee anajikaza, maana ndivyo nilivyokuzoesha. Kwa hiyo nitakueleza yote, hata yale uliyoyaona kwa macho yako. Uliyaona ukiwa upande wako. Upande wangu yalikuwaje sijawahi kukwambia.

Nianze na ile shughuli ya Mikocheni, harusi ya binti wa nyumba ya geti jeusi, nyuma ya viwanda. Ng'ombe mzima, masufuria ya pilau yamepangwa ukutani, Seleman ameshika moto kama alivyoushika kwenye kila shughuli yangu tangu wewe hujazaliwa. Kifua kilinianza wakati wa kukaanga vitunguu. Hakikuunguza wala hakikuchoma kama kisu, jinsi watu wanavyodhani. Ilikuwa kama mtu mzito amenikalia na hana haraka ya kuondoka. Halafu likaja taya la kushoto, nikadhani jino. Halafu mkono. Jasho likanitoka jembamba la baridi, na mpishi aliyesimama mbele ya kuni akitoka jasho, nani atamshangaa?

Seleman alisema ni moshi. Mama mmoja akasema gesi, akaniletea soda ya tangawizi. Mwingine akasema vidonda vya tumbo, mume wake anavyo, akatoa kidonge kwenye pochi yake. Mimi ambaye baadaye nilizishuku dawa za daktari, hicho cha kwenye pochi nilikimeza bila hata kuuliza jina lake.

Wewe ndiye uliyesema hospitali. Ulikuwa unaosha mchele, ukaja mikono inadondosha maji. "Baba, hebu twende hospitali. Midomo yako imekuwa ya kijivu." Nikakujibu mbele ya akina mama wote. "Nani kakuuliza? Rudi kwenye mchele wako. Mwoga kama mama yako." Wakacheka. Ukarudi kwenye mchele.

Nataka ujue nilikuwa nawaza nini. Sikuwa nadhani ni gesi. Moyoni nilijua kuna jambo, na nilijua ni kubwa. Lakini pilau lilikuwa linakaribia kufunikwa, na mimi nimefundishwa na baba yangu kwamba pilau likishapaliwa makaa juu ya mfuniko, mpishi haondoki mpaka apakue. Akiondoka, wali ukitoka mzuri sifa ni ya aliyebaki, ukitoka bokoboko, umerojeka, jina baya ni la aliyeondoka mpaka anaingia kaburini. Unamkumbuka yule mpishi wa Mtongani aliyeharibu wali wa harusi, watoto wakawa wanamwita Bokoboko barabarani? Mtu mzima na ndevu zake, akaishia kukaanga mihogo. Mimi nilimcheka kuliko wote. Basi siku ile pale ukutani niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kufa. Sina maelezo mengine, nimeyatafuta sana.

Nikakaa kwenye kigoda, nikaelekeza kwa kidole. Makaa haya yasogee, lile punguza, lile acha. Pilau likatoka chembe moja moja. Mwenye shughuli akaja kunipa mkono, akasema, "Hongera mzee, ila mkono wako wa baridi!" Nikacheka. Nilianguka nikiwa natafuta viatu vyangu.

Yule daktari aliyenipokea unamjua, binti wa rika la dada zako wa Chamazi, mwenye adabu zake. Aliniamkia shikamoo kwanza ndipo akanitisha. Alinipaka majimaji kifuani, akapitisha kile kifaa chake, akanigeuzia kioo nione moyo wangu mwenyewe. Nilitegemea kitu chekundu. Ulikuwa wa kijivu, unapwita. Akasema, "Mzee, ona upande huu unavyojikunja. Sasa ona huu wa pili." Wa pili ulikuwa umetulia kama mtu aliyenuna. Akanieleza taratibu: nyama ya moyo ikikosa damu inakufa, na ikishakufa haioti tena, linabaki kovu. Moyo mzima kila ukijikunja hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Wangu ulikuwa unatoa robo. Nikamuuliza ingekuwaje kama ningewahi asubuhi ile. Akaanza kujibu, akaniangalia, akasema tuzungumze habari za dawa.

Ni yeye aliyenifundisha neno lehemu. Alisema damu yangu imejaa mafuta hayo, na yale mabaya ndiyo yaliyozidi. Yalijigandisha ndani ya mshipa unaolisha moyo, miaka na miaka, mimi naimba jikoni, na siku ile ya Mikocheni pale palipoganda pakapasuka, damu ikafanya bonge, njia ikaziba. Mimi mafuta nayajua, mwanangu. Nimeyaona yameganda kwenye sufuria asubuhi baada ya shughuli, meupe, mpaka uyakwangue kwa mwiko. Nikamuuliza, "Sasa nikinywa maji ya moto si yatayeyuka?" Hakucheka. Aliniuliza nakula nini kazini.

Nikamtajia nundu. Nikamweleza kama mtu anayejisifu kwamba nundu ni haki ya mpishi, haiwekwi kwenye sufuria la wageni. Mpishi anaikata mwenyewe, anaikaanga kwa mafuta yake yenyewe na chumvi, anaila moto kabla shughuli haijaanza. Baba yangu aliila, mimi nimeila tangu ndevu hazijaota, na wewe nilikulisha kwa mkono wangu ukiwa huna hata meno ya kutosha. Ulikuwa unafungua mdomo kama kinda. Nilipokuwa namsimulia yule binti niliona ameacha kuandika, na mimi nikaacha kusimulia.

Nikapewa dawa. Nikazimeza vizuri miezi ya mwanzo, nikubali hilo, kwa sababu nilikuwa nimeingiwa na hofu. Tukarudi kliniki, damu ikapimwa, kifua kikapakwa majimaji tena. Akasema hivi, na wewe ulikuwepo: "Mafuta yameshuka vizuri sana, mzee. Moyo wenyewe haujapanda, uko vilevile, kwa hiyo dawa tunaendelea nazo." Mimi nilisikia mpaka kwenye "vizuri sana". Nilitoka pale natembea kama bwana harusi. Nilimwambia dereva wa bajaji, nikamwambia muuza maji, nikawaambia msikitini baada ya alasiri. Wewe njiani uliniuliza, "Na moyo, Baba?" Nikasema moyo utafuata, mafuta yakiondoka njiani moyo utafanya nini tena, si utarudi kazini?

Hapo ndipo penye kosa ambalo nataka usilirudie hata kama utasahau mengine yote. Sisi tumekua na malaria. Malaria ina dozi. Unameza, unamaliza, unatoka jasho, unapona, pakiti unatupa. Mtu akikuuliza unasema nimemaliza dozi. Mimi nikaupeleka moyo kwenye hesabu za malaria. Mafuta yameshuka, basi dozi imekwisha, ya nini kujaza tumbo vidonge? Na kuna mzee mwenzangu msikitini aliyenishika sikio akaniambia dawa za kizungu zinakula maini, nitwange kitunguu swaumu nikamulie ndimu, ninywe asubuhi kabla sijala. Nilimwamini yeye, ambaye hajawahi kuuona moyo wangu.

Kwa kuwa ulikuwa unanisimamia, nikawa nakificha kidonge shavuni, nasema alhamdulillahi, naondoka kwenda kutawadha, nakitema kwenye mfereji. Mtu anayejitayarisha kusimama mbele ya Mungu wake, anaanza kwa kumdanganya mwanawe. Kila siku. Halafu nikaenda kupika hitima ya jirani, nikasema ni kazi ndogo tu, nikakaanga nundu, nikala. Ilikuwa tamu, siwezi kukudanganya tena. Miguu ikaanza kuvimba. Nikibonyeza kidole kwenye ugoko panabaki shimo. Nikivua viatu alama ya soksi inakaa mpaka maghrib. Nikawaambia nimesimama sana jikoni.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ila mimi kifo kilinihurumia kidogo kikaniumbua kikiwa bado mlangoni. Pumzi ilipokatika mkanifikisha hospitali, mafuta yalikuwa yamerudi juu kama hayajawahi kushuka, na kipande kingine cha moyo kilikuwa kimekufa kimyakimya, bila taya kuuma, bila jasho. Kidogo nilichobakishiwa Mikocheni nikakipunguza kwa mkono wangu mwenyewe. Daktari akauliza dawa zilikuwa zinamezwa au la, ukajibu kwa kujiamini kwamba zinamezwa, unanisimamia mwenyewe. Hapo nikashindwa. Nikasema mbele yenu nyote kwamba nilikuwa natema.

Ulinifokea. Mara ya kwanza na ya mwisho. "Baba, kama unataka kufa si useme tujue! Mie nimeacha safari kwa ajili yako, we unatema dawa kwenye mfereji?" Wenye vitanda wote wakageuka. Nesi akaja kukutoa. Mimi sikujua habari ya safari mpaka dakika ile. Nafasi ya kwanza ya Maskati ulikuwa umeikataa mwezi uleule bila kuniambia. Ulitoka nje, na uliporudi ulikuwa umeshika uji, ukanilisha kijiko kwa kijiko na macho yako mekundu. Hatujawahi kuizungumza siku hiyo. Sikuwa na kinyongo nawe hata chembe. Niliona aibu tu, na aibu yenyewe ilikuwa kubwa kuliko ile niliyoikimbia kwenye pilau.

Tangu hapo umekuwa askari wa vidonge. "Fungua mdomo, Baba. Nyanyua ulimi." Na mimi, niliyekuwa naamrisha masufuria kwa kidole, nanyanyua ulimi. Umejifunza kunipima uzito kila asubuhi kujua kama maji yanajaa mwilini. Umejifunza kunipikia kisamvu kisicho na chumvi wala nazi, wewe mpishi, mtoto wa mpishi, mjukuu wa mpishi, na babu yako akionja kisamvu hicho huko aliko ataukana ukoo. Rafiki zako wameoa, wamefungua maduka Tegeta, wewe unakaa na mzee unasikiliza anavyopumua. Ulikuwa na kicheko kikubwa, kikisikika mpaka nyumba ya tatu. Nimekitafuta humu ndani nimekikosa. Hilo linaniuma kuliko kifua.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo habari inapotoka kwangu inakuja kwako.

Babu yako, baba yangu, alianguka bafuni akiwa na umri mdogo kuliko wangu wa sasa. Hakuumwa. Alitoka kupika shughuli, akaingia kuoga, tukasikia kopo limedondoka. Watu walisema alitupiwa jini na mpishi mwenzake, na mimi niliamini hivyo nusu ya maisha yangu, nikawa simsalimii mtoto wa yule mpishi. Babu yako alikuwa na vidoa vya njano kwenye kope, karibu na pua, kama tone la samli lililoganda. Bibi yako alisema ni alama ya riziki. Vilipoanza kuniota na mimi alifurahi, akasema riziki imehamia kwa mwana. Yule binti daktari aliviona tu, hata kipimo hakijatoka, akaniuliza kama baba yangu yu hai. Akasema ni mafuta hayohayo, yamezidi mpaka yanachungulia nje, na kwamba kuna koo ambazo damu yake inarithishana lehemu kama watu wengine wanavyorithishana pua. Kwa hiyo si nundu peke yake iliyoniangusha. Nundu ilikuja kuongeza kuni kwenye moto ambao tayari ulikuwa unawaka.

Na kwako nimekiona. Wiki iliyopita uliinama kunifunga kamba za viatu, ukainua uso, na pale kwenye kope ya jicho la kushoto kuna kidoa kimeanza. Kidogo, mtu asiyekijua hatakiona. Uliniuliza, "Mbona umenikazia macho?" Nikasema nawaza chai.

Mama yako alipokulazimisha ukapime lehemu na majibu yakaja kwamba iko juu, ulicheka. "Mie? Mwembamba hivi?" Wale waliokupima kwa ajili ya safari walikupima mapafu na ini na mkojo, wakakupigia muhuri kwamba u mzima, ukaona imetosha. Baba yangu alikuwa mwembamba kuliko wewe. Hiyo dawa ya kupunguza mafuta mama yako ameiweka kwenye begi lako, ndani ya soksi, na najua umeiona. Imeze, Shabani. Sikuombi kwa sababu mimi ni baba yako, baba aliyetema zake kwenye mfereji hana cha kumuamrisha mtu. Nakuomba kwa sababu nimeuona moyo wangu kwenye kioo, na wako bado unajikunja pande zote. Wewe unaweza kuyashusha mafuta kabla moyo haujaguswa. Mimi yalishushwa baada ya moyo kuungua, na ndiyo maana kushuka kwake hakukunisaidia kama nilivyotamba. Na haina dozi. Siku watakayokwambia yameshuka, useme alhamdulillahi, na kesho yake umeze tena.

Unakwenda kwenye jiko la hoteli, na najua utakuwa mpishi mkubwa kuliko mimi, mkono wako mwepesi. Watakupenda, watakupa vinono uonje. Onja kama mpishi, kwa ncha ya kijiko. Na siku mwili ukikwambia kitu, kifua au taya au pumzi, uache sufuria liungue. Liungue mbele ya mwenye hoteli na wageni wake wote. Wakikucheka, waambie baba yako hakuchekwa na mtu, pilau lake lilisifiwa, na leo hawezi kutembea kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kushika ukuta.

Nimepumzika kidogo. Sasa kaburi.

Huwezi kuwahi, mwanangu, tusidanganyane. Watu wa hapa Mtongani wakinikuta asubuhi nimetangulia, alasiri watakuwa wameshanizika, na ndivyo ninavyotaka. Nimemwambia mama yako sitaki kuwekwa kwenye jokofu kumsubiri mtu, hata mtu huyo akiwa wewe. Imamu nimemuuliza, amesema hakuna sharti kwamba mwana ndiye aingie. Anaingia mwanamume yeyote mwenye kuweza. Nimemwomba Seleman. Alikuja Ijumaa baada ya swala, nikamwambia pale pale barazani. Akawa anachora chini kwa kidole cha mguu. Halafu akasema, "N'taingia, mzee. Ila mambo haya tusiyaongee tena, bwana, mie nakuja kwako kunywa kahawa." Kwa hiyo nafasi yako ina mtu. Na ulimi wangu una mtu pia. Mama yako amesema atautazama yeye, na yeye hana huruma kama wewe.

Siku hiyo utapigiwa simu. Inaweza kuwa mwezi huu, inaweza kuwa mwakani, daktari hakunificha na mimi sikufichi. Usikate tiketi. Usivunje mkataba uje kulia juu ya udongo ambao umeshakauka. Tia udhu, nisalie huko huko, lia mpaka uishiwe, kisha meza kidonge chako, kazini urudi.

Najua haitoshi. Najua utasema mwana asiyempokea baba yake kaburini atajibu nini. Basi nikukumbushe siku ile mliponikimbiza hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha, uchochoro umejaa maji, bajaji imekataa kuingia. Nilikuwa siwezi kulala wala kukaa, navuta hewa haiji. Ulinibeba mgongoni. Maji yalikufika magotini, ukawa unapapasa chini kwa miguu kutafuta mawe, na shavu langu lilikuwa limelala kwenye sikio lako. Ulikuwa unasema, "Bado kidogo, Baba. Bado kidogo." Hata mimi nisipojibu ulisema. Tulipofika barabarani ukaniteremsha taratibu, ukanipokea kwa mikono miwili, ukaniegemeza ubavu wangu wa kulia, ukanifunika shuka, ukanifuta tope usoni. Halafu ukaniinamia uone kama bado napumua.

Hayo ndiyo anayofanyiwa maiti na mwanawe, Shabani. Kubebwa, kupokelewa, kulazwa ubavu, kufunikwa. Yote umenifanyia. Na maiti hamwoni anayempokea. Mimi nilikuona. Uso wako ulikuwa juu yangu, unatiririka maji, na sikuwa na pumzi ya kukwambia chochote.

Nakwambia leo. Umeshanizika vizuri, baba. Nenda.

Baba yako